Kusoma kwa Kuandikiana: Kozi ya Mtandaoni ya Blogu na Mijadala Inavyofanya Kazi

Mtumishi mmoja wa umma ninayefahamiana naye hapa Dodoma alijiunga na kozi ya mtandaoni ya wiki sita kuhusu uhifadhi wa mazao. Alipofungua ukurasa wa kwanza alitarajia kukuta video za mhadhiri na, mwishoni, maswali ya kuchagua jibu sahihi. Alichokuta ni maelekezo mafupi: soma makala hii ya kurasa nne, andika katika blogu yako unachokiona kazini kwako kinachohusiana nayo, kisha soma maandishi ya wenzako watatu na uwajibu wawili kati yao. Jioni ile alinipigia simu. "Kaka, nimelitafuta somo sijaliona," alisema. "Sasa hapa anayefundisha ni nani?"

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi, kutoka kwa walimu wa Kongwa, wauguzi wa Mpwapwa na wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini. Wengine huliuliza kwa uchungu zaidi: kwa nini nimalize bando langu kusoma maoni ya watu wasiojua kama mimi nisivyojua? Ni swali la haki, kwa sababu siku hizi jina "kozi ya mtandaoni" limebeba vitu viwili vilivyo mbali sana, na anayejiandikisha mara nyingi haelezwi anaingia katika kipi.

Tuanze na maneno yenyewe. Kozi ya mtandaoni ni mafunzo yenye mada, ratiba na lengo, ambayo washiriki wake hukutana kwa njia ya intaneti badala ya darasani. Blogu ni ukurasa wa mtu binafsi ambako maandishi yake hupangwa kwa tarehe, jipya likikaa juu ya la zamani, na wasomaji wanaweza kuacha maoni chini ya kila andiko. Mjadala wa wenza ni mazungumzo baina ya washiriki wa ngazi moja, yaani mwanafunzi kwa mwanafunzi. Mwezeshaji ndiye aliyeiandaa safari: huchagua mada, huleta masomo ya kusoma, hupita katika maandishi ya washiriki, huuliza, na husahihisha palipo na kosa la hatari. Hahubiri kila siku, lakini yupo.

Wengi huchanganya blogu na jukwaa la mjadala, na tofauti ya viwili hivyo si ndogo. Jukwaa ni kama kivuli cha mbuyu unapofanyikia mkutano wa kijiji: ajenda ni moja, kila anayesema husema mbele ya wote, na mkutano ukifungwa watu hutawanyika. Blogu ni kama kibaraza cha nyumba yako. Wageni hupita, huketi, huuliza na kuondoka, lakini mkeka ni wako na kesho utakuwepo. Katika mkutano mtu anaweza kukaa nyuma kimya tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna atakayejua. Kwenye kibaraza chako hilo haliwezekani, maana usipotandika mkeka hakuna mahali pa mgeni kuketi. Kozi nyingi za aina hii hutumia vyote viwili: blogu kwa fikra iliyokomaa kidogo, jukwaa kwa maswali ya haraka na matangazo.

Namna nzuri ya kuelewa mambo haya ni kuitazama wiki moja kwa karibu, na nitaitumia wiki ya kwanza ya mtumishi yule kwa kuwa ameniruhusu. Yeye ni afisa ugani, na wakulima anaowahudumia humwita bwana shamba, nami nitamwita hivyo. Mada ya wiki ilikuwa ukaushaji wa nafaka na karanga kabla ya kuhifadhi, jambo ambalo kwa mikoa ya kati si la nadharia tupu: mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa zinapohifadhiwa zikiwa na unyevu.

Andiko lake la kwanza lilianza hivi: "Wakulima wa eneo langu wameelimishwa kuhusu umuhimu wa kukausha mazao. Changamoto iliyopo ni mwitikio mdogo wa baadhi yao." Lilikuwa na aya tatu za namna hiyo. Hakukuwa na uongo wowote ndani yake, ila hakukuwa na kitu ambacho afisa mwingine yeyote wa wilaya nyingine yoyote asingeweza kukiandika bila kuondoka mezani. Maoni matatu ya kwanza yalikuwa yale tunayoyazoea: "Asante kwa somo zuri, ubarikiwe." Bwana shamba alifurahi, akadhani wiki imekwisha.

Oni la nne liliandikwa na mama mmoja anayenunua mahindi katika soko la Kibaigwa. Aliandika: "Bwana shamba, umesema wakulima wameelimishwa. Naomba kujua, wao wanatambuaje kwamba mahindi yamekauka? Mimi ninayenunua huwa nauma punje, na si mara moja nimepakia gunia nikaja kujuta." Oni zima lilikuwa la sentensi tatu. Bwana shamba alikaa nalo siku mbili, kwa sababu alipotaka kulijibu aligundua kwamba jibu alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, "wanajua kwa uzoefu," na hilo si jibu.

Siku ya tatu alipokuwa kijijini aliuliza. Bibi mmoja alichota karanga zenye maganda, akazitikisa karibu na sikio lake, kisha karibu na sikio la bwana shamba, ili asikie punje zinavyogonga ganda zikikauka na zinavyonyamaza zikiwa mbichi. Kwa mahindi, bibi huyo alitumia meno na kucha kama yule mama wa Kibaigwa. Bwana shamba aliandika hayo yote katika andiko la pili, na humo hapakuwa tena na "changamoto" wala "mwitikio"; palikuwa na sikio, ganda na kucha. Mwalimu wa sayansi kutoka Singida akamjibu kwa kueleza kipimo cha chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano; chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Bwana shamba alikijaribu kipimo hicho kwa chupa ya soda aliyoianika juani mchana kutwa, akaripoti kwamba chumvi haikuganda na kwamba mahindi yako tayari kuingia ghalani.

Hapo ndipo mwezeshaji alipoingia. Alieleza kwamba chumvi isipoganda maana yake ni kuwa unyevu uko chini ya takribani asilimia 15, ilhali mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5, kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kukwambia "bado" kwa uhakika, lakini hakiwezi kukwambia "tayari". Mahindi yale yalihitaji kuendelea kuanikwa, na ingekuwa vyema kuyapitisha kwenye mashine ya kupima unyevu kabla ya kuyafunga kwenye mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa.

Sasa turudi kwenye swali la somo liko wapi. Ile namba 13.5 ilikuwa katika ukurasa wa pili wa makala ambayo bwana shamba alipewa siku ya kwanza. Aliisoma na akaipita, kama ambavyo aliwahi kuisoma na kuipita chuoni. Alikuja kuishika siku ambayo alikuwa na chupa mkononi, amekwisha kutangaza mbele ya wenzake kwamba mahindi yako tayari, na akaonyeshwa kwamba hayako tayari. Makala ilikuwa kuni na kuandikiana ndiko kulikouwasha moto. Mtu anayesoma vifaa vyote vya kozi ya namna hii bila kuandika wala kujibu hajasoma nusu ya kozi, bado hajaianza. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu mimi mwenyewe, katika kozi yangu ya kwanza, nilisoma kimya kwa wiki tatu nikiamini kwamba nashiriki, na leo sikumbuki lolote la wiki zile tatu.

Yeyote aliyepita shule ya sekondari hapa nchini anazijua nguvu hizi hata kama hajawahi kuzipa jina. Wakati wa kupiga diskasheni kabla ya mtihani, anayetoka na faida kubwa ni yule aliyeombwa awaeleze wenzake, kwa kuwa katikati ya kueleza hufika mahali ulimi ukakwama, na pale unapokwama ndipo palipo na pengo ambalo usingizi wa daftari ulikuwa umelifunika. Kuandika hufanya hivyo hivyo kwa ukali zaidi, kwani sentensi iliyoandikwa haipiti na upepo. Unaweza kuisoma kesho ukaona kwamba haisemi kitu. Mwenzako asiyejua naye ana kazi ambayo mtaalamu haiwezi vizuri: huuliza lile ambalo mtaalamu alikwisha kusahau kwamba linaulizwa. Mwezeshaji asingemuuliza bwana shamba wakulima wanatambuaje ukavu, maana kwake jibu ni mashine. Mama wa Kibaigwa aliuliza kwa kuwa fedha yake imo katika jibu hilo.

Mkanganyiko wa majina una chanzo chake. Mwaka 2008 George Siemens na Stephen Downes waliendesha kozi katika Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambayo wanafunzi wapatao 25 waliilipia karo, na wengine zaidi ya 2,000 wakajiunga bure kutoka nchi mbalimbali. Kozi hiyo haikuwa na mahali pamoja tu pa kukusanyikia. Baadhi waliandika katika blogu zao, wengine katika majukwaa ya mijadala, na barua pepe ya kila siku ilikusanya viungo vya yaliyoandikwa ili watu wasomane. Wazo lililobeba kozi hiyo ni kwamba maarifa hayamo kichwani mwa mtu mmoja pekee, bali yamo pia katika mahusiano yanayomuunganisha na watu wengine na vyanzo vingine, na kwamba kujifunza ni kuyajenga mahusiano hayo na kujua kupita ndani yake. Wazo hilo linaweza kuonekana gumu likisemwa hivyo, lakini mfanyabiashara wa vitunguu wa soko la Majengo analiishi kila siku: hajui kila kitu kuhusu vitunguu, ila anajua ampigie nani Singida, nani mwenye gari, na nani akisema bei imeshuka basi imeshuka kweli. Ukimnyang'anya simu na watu wake, umemwondolea sehemu kubwa ya ujuzi wake ingawa kichwa chake kiko palepale.

Mwaka huohuo wa 2008 Dave Cormier, mwanaelimu wa Kanada, alizipa kozi za aina hiyo jina la kifupi, MOOC, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulieleza kuwa kozi huria za halaiki mtandaoni. Kisha mwaka 2011 kozi ya akili mnemba iliyotolewa kutoka Chuo Kikuu cha Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000, na mwaka 2012 zikazaliwa Coursera, edX na Udacity, majukwaa ya kutolea kozi za mtandaoni kwa umati. Jina likahama pamoja na umati. Kozi hizi za pili zilijengwa juu ya video na majaribio yanayosahihishwa na kompyuta, nazo zimewafaa watu wengi, lakini ni chombo kingine. Anayetoka kwenye video akaingia katika kozi ya kuandikiana hujiona ameibiwa, kama mtu aliyezoea hotelini kuletewa sahani iliyojaa, halafu akafika penye shughuli akaambiwa ashike mwiko.

Hata hivyo sikubali kwamba jambo hili tumeletewa na intaneti. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walijifunza kwa namna inayokaribiana sana na hii. Walikusanyika katika vikundi kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu kwa pamoja, kisha wakajadili kuhusu malaria, maji na kuhara kwa mifano ya kijijini kwao, na wakakubaliana la kufanya. Viongozi wa vikundi walipewa mafunzo mafupi, na kazi yao haikuwa kuhutubia bali kuyaendesha mazungumzo. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Redio ilikuwa mbali na haikuweza kumjibu mtu. Waliojibizana ni wanakikundi. Wazee wetu wengi wa mikoa hii walikaa katika vikundi vile, na ukimweleza mmoja wao kozi ya blogu na mijadala kwa mfano huo, huielewa haraka kuliko kijana aliyezoea video.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: wasiojua wakifundishana, si watapotoshana? Hatari hiyo ipo na haifai kuifunika. Kama mwezeshaji asingelisoma lile andiko la chupa ya soda, mahindi yenye unyevu yangeingia ghalani kwa baraka za washiriki wote. Kinachoiokoa kozi si imani kwamba watu wengi hawakosei. Kundi zima linaweza kukosea kwa pamoja na kwa furaha. Kinachoiokoa ni kwamba kosa linaonekana. Darasani, mwanafunzi aliyeelewa vibaya huondoka na kosa lake kichwani na hakuna anayejua hadi siku ya mtihani au, vibaya zaidi, hadi siku ya kazi. Katika blogu kosa limeandikwa, lina tarehe, na mtu anaweza kuliwekea kidole. Kwa hiyo kabla ya kujiunga ni halali kabisa kuuliza: mwezeshaji wa kozi hii ni nani, ana ujuzi gani, na huyasoma maandishi ya washiriki kila baada ya muda gani? Kozi isiyo na jibu la swali la tatu ni afadhali uiache, hasa ikiwa inahusu afya, sheria, chakula au fedha za watu.

Lakini katika uzoefu wangu wa huku kwetu, upotoshaji si ugonjwa mkuu wa mijadala hii. Ugonjwa mkuu ni heshima iliyokaa mahali isipotakiwa. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na ni malezi mema. Dodoma tena ni mji wa serikali, ambako cheo hutangulia jina, na mtu akiona andiko la mshiriki anayeitwa Mheshimiwa, Daktari au Mkurugenzi, kalamu huwa nzito. Matokeo yake ni zile "asante, ubarikiwe" zinazorundikana chini ya andiko lenye tatizo la wazi. Zina upendo, lakini aliyeandika anabaki palepale alipokuwa, akiwa ameshukuriwa.

Sioni haja ya kuitupa heshima ili tujadiliane. Lugha yetu ina njia za kutosha za kumuuliza mkubwa bila kumvunjia. Nilisoma oni moja ambalo binti mdogo, muuguzi aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza kazini, alimwandikia mganga mstaafu. Alianza hivi: "Shikamoo mzee. Nimesoma pale ulipoandika kwamba mama akikosa kliniki mara mbili ni kwa sababu ya uzembe. Kituoni kwetu wapo wanaotembea saa tatu, na siku ya mnada hawapati wa kuwaachia mbuzi. Naomba kujua, enzi zenu mlimtofautishaje mzembe na aliyezuiliwa?" Tazama alichofanya. Alinukuu sentensi anayoizungumzia, hivyo mzee hakulazimika kubahatisha kosa lake liko wapi. Alileta jambo aliloliona kwa macho yake. Kisha akauliza swali ambalo mzee peke yake, kwa miaka yake kazini, ndiye anayeweza kulijibu. Mzee alijibu kwa aya mbili ndefu, akaenda akalibadilisha andiko lake, na akaandika chini kwamba amelibadilisha kwa sababu ya mwanawe yule. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na wote waliolisoma walitoka na kitu.

Upande wa pili nao una wajibu wake. Anayeandika blogu anapaswa kuacha mlango wazi, na njia rahisi ni kumaliza andiko kwa jambo ambalo kweli hana uhakika nalo, alitaje kwa maneno yake. Andiko lililofungwa pande zote kama ripoti ya robo mwaka halimwachii msomaji pa kuingilia isipokuwa kwa kupongeza.

Kuhusu gharama, hofu ya bando imekuzwa kuliko ilivyo. Maandishi ni mepesi mno. Andiko la maneno 500 ni herufi elfu chache, sawa na kilobaiti chache tu, ilhali video ya dakika kumi huweza kula makumi ya megabaiti. Kinachomaliza bando katika blogu ni picha kubwa na matangazo ya kurasa. Mshiriki aliye mahali penye mtandao hafifu anaweza kuandika andiko lake kwenye simu janja bila mtandao, akalipandisha anapofika mjini, akafungua maandishi ya wenzake matatu na kuyasoma ndani ya basi. Hakuna ulazima wa wote kuwa mtandaoni kwa wakati mmoja, na kwa mtu mwenye shamba, zamu au watoto wadogo, hiyo ni tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Kompyuta inasaidia, lakini si sharti. Kiswahili cha kawaida, chenye nukta na herufi kubwa mahali pake, kinatosha pale ambapo kozi inakiruhusu. Anayengoja lugha yake iwe nzuri kwanza ndipo aandike atangoja hadi kozi ifungwe.

Limeingia jambo jipya, nalo ni kuziachia programu za akili mnemba kazi ya kuandika. Katika kozi ya video na maswali ya kuchagua, anayefanya hivyo anaweza kufika mwisho bila kushtukiwa. Katika kozi ya kuandikiana hushtukiwa na swali la kwanza la kawaida, kama vile hiki kisima ulichokitaja kiko mtaa gani. Anayekidesa kisima kutoka kwenye mashine hana mtaa. Kuitumia programu kusahihisha tahajia au kukueleza neno gumu sina ugomvi nako. Kuipa iandike ulichopaswa kukifikiri ni kumtuma mtu akakulie chakula, kisha wewe ushangae njaa.

Yapo mambo ya sheria ambayo mshiriki wa Tanzania hapaswi kuyapuuza. Tangu mwaka 2018 nchi yetu ina kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo zimeandikwa upya na kurekebishwa baadaye, na blogu ya wazi kwa umma imo katika mambo zinazoyagusa. Kabla ya kufungua blogu inayosomwa na kila mtu, ni busara kuuliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania masharti yaliyopo wakati huo, au kutumia blogu ya ndani ya kozi inayofunguliwa na washiriki tu. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa mwalimu, muuguzi au afisa ustawi wa jamii maana yake ni kwamba kisa cha kazini huandikwa bila jina la mwanafunzi wala mgonjwa, bila picha yake, na bila maelezo yatakayomfanya jirani yake amtambue. Mtumishi wa umma aangalie pia taratibu za mwajiri wake kuhusu kuandika mambo ya ofisini.

Cheti nacho huleta mgogoro. Kozi fupi ya wiki sita, hata ikitolewa na chuo chenye jina kubwa ughaibuni, kwa kawaida hutoa cheti cha ushiriki, na cheti hicho si stashahada wala shahada. Kama unahitaji tuzo itakayotambuliwa katika ajira au katika kuendelea na masomo, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania au baraza linalosimamia elimu ya ufundi kabla hujalipa, si baada. Hili halina maana kwamba kusoma kwa mbali ni kusoma kwa daraja la chini: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992, na shahada zake ni shahada kamili. Kinachotofautisha ni ithibati ya mafunzo, si umbali wa mwalimu. Ukijiunga na kozi ya kuandikiana kwa ajili ya cheti peke yake, kazi utakayoifanya itakuwa kubwa kuliko karatasi utakayoipata. Ukijiunga kwa sababu kuna jambo la kazini linalokunyima usingizi, hesabu hubadilika.

Neno la mwisho ni kwa wanaokaribia kumaliza. Majukwaa ya kozi mara nyingi hufungwa baada ya muda, na yaliyoandikwa humo hupotea pamoja na majibu ya wenzako, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu ya thamani zaidi. Nakili maandishi yako na maoni yaliyo chini yake ukayahifadhi kwenye simu au kwenye barua pepe yako mwenyewe. Bwana shamba aliyahifadhi ya kwake yote, na kwa kuwa alikuwa ameomba kwa waandaaji blogu yake ibaki wazi, miezi miwili baada ya kozi kufungwa alipata oni jipya kutoka kwa mkulima wa alizeti aliyetaka kujua kama kipimo cha chumvi kinafaa kwa mbegu za mafuta. Hajamjibu bado. Ameniambia anasubiri alizeti ya mtaani kwao ikauke ajaribu kwanza, na ile chupa ameiweka dirishani.